Hatta hakukosea kulikubali deni la Waholanzi

Julai 21, 1947, jeshi la Uholanzi lilivuka mistari ya kusitisha mapigano katika visiwa vya Java na Sumatra, likiwa na ndege, magari ya deraya na askari wapatao 100,000. Serikali ya The Hague haikutaka jambo hilo liitwe vita. Iliita hatua ya kipolisi, kana kwamba ni msako wa wezi wa kuku. Lakini jina ambalo jeshi lenyewe liliupa mpango huo lilisema kweli bila kukusudia: Operesheni Product, yaani Bidhaa. Shabaha haikuwa Yogyakarta, mji mkuu wa Jamhuri changa ya Indonesia. Shabaha ilikuwa mashamba ya mpira, tumbaku, chai na miwa, visima vya mafuta, na bandari za kuvipitishia vyote hivyo kwenda Ulaya. Katika muda wa wiki mbili sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa mikononi mwao.

Vita vya Indonesia vya 1945 hadi 1949 husimuliwa kwa namna mbili. Wanajeshi husema ni bunduki zilizomtoa mkoloni. Wanadiplomasia husema ni meza ya mazungumzo. Ubishi huo bado uko hai Indonesia, na waliorithi sifa za upande mmoja hawapendi kusikia za upande mwingine. Ninavyoona mimi, bunduki na meza vilikuwa vikifanya kazi moja, nayo ni kumfanya Mholanzi agharamike hadi aone kubaki kunamtia hasara kuliko kuondoka. Ukivisoma vita hivi kama daftari la mapato na matumizi, mambo mengi yanayoonekana kuwa ya aibu yanaeleweka. Na la aibu kuliko yote ni lile alilolifanya Mohammad Hatta, makamu wa rais wa Jamhuri, mwaka 1949, alipotia saini kwamba Indonesia italipa deni la gilda bilioni 4.3 la serikali iliyomtawala, huku sehemu ya fedha hizo ikiwa imetumika kuwapiga risasi wananchi wake.

Tuanze na mwanzo. Wajapani waliiteka Indonesia kutoka kwa Waholanzi mwezi Machi 1942, na jeshi la kikoloni lililojisifu kwa karne nzima likasalimu amri baada ya siku chache za mapigano kisiwani Java. Watu waliona kwa macho yao. Japani nayo iliposalimu amri Agosti 15, 1945, Hatta na Sukarno, aliyekuja kuwa rais, walisitasita, wakitaka mambo yaende kwa utaratibu. Vijana hawakuwa na subira hiyo. Alfajiri ya Agosti 16 waliwachukua wazee wao hao, kwa hiari nusu na kwa nguvu nusu, wakawapeleka Rengasdengklok nje ya Jakarta na kuwabana watangaze uhuru. Kesho yake asubuhi, uani kwa Sukarno katika nyumba namba 56 ya Pegangsaan Timur, Sukarno akiwa na homa mwilini, tangazo lilisomwa. Lilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema watu wa Indonesia wanatangaza uhuru wao. Ya pili ilisema mambo ya kukabidhiana madaraka yatashughulikiwa kwa uangalifu na kwa haraka iwezekanavyo. Bendera nyekundu na nyeupe iliyopandishwa ilikuwa imeshonwa na Fatmawati, mke wa Sukarno.

Waholanzi hawakukubali. Na hapa kuna kinaya kinachopaswa kukaziwa macho. Nchi yao yenyewe ilikuwa imekombolewa kutoka kwa Wajerumani mwezi Mei mwaka huohuo. Majira ya baridi yaliyotangulia, watu wapatao 20,000 walikuwa wamekufa kwa njaa katika miji ya magharibi ya Uholanzi. Waliopambana na Wajerumani kwa siri walikuwa mashujaa wakipewa nishani. Wakati huohuo magazeti yaleyale yaliwaita vijana wa Java magaidi na vibaraka wa Japani. Sukarno hasa walimchukia, kwa kuwa alishirikiana na Wajapani ili apate jukwaa. Hilo lilikuwa kweli. Lakini halikuwa sababu ya vita.

Sababu ilikuwa tumbo. Wachumi Derksen na Tinbergen walipiga hesabu wakaona kwamba kabla ya vita kuu karibu asilimia 14 ya pato la taifa la Uholanzi lilitokana, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na koloni hilo. Kulikuwa na msemo wa Kiholanzi uliojulikana na kila mtu, kwamba Indonesia ikipotea, balaa limezaliwa. Nchi iliyobomolewa na vita, isiyo na dola za kununulia chakula, iliona kwamba bila mpira na mafuta ya Sumatra haitainuka tena. Historia ilikuja kuonyesha kwamba msemo ule ulikuwa uongo: Uholanzi iliipoteza Indonesia, na miaka ya hamsini uchumi wake ukakua kwa kasi ambayo haikuwahi kuiona katika ukoloni. Walipigania kitu ambacho hawakukihitaji. Wakati ule, hata hivyo, si waziri wala mpiga kura aliyelijua hilo.

Waliofika kwanza kutuliza mambo hawakuwa Waholanzi bali Waingereza, mwishoni mwa Septemba 1945, wakiwa na kazi ya kuwapokonya Wajapani silaha na kuwatoa Wazungu waliofungwa kambini. Askari wao wengi walikuwa Wahindi. Surabaya, mji wa bandari mashariki mwa Java, ulikuwa tayari umechemka. Septemba 19 Waholanzi fulani walipandisha bendera yao juu ya hoteli ya Yamato. Vijana walipanda paa wakachana utepe wa buluu wa bendera hiyo na kuuacha mwekundu na mweupe ukipepea. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalizuka baina ya wanamgambo na kikosi cha Wahindi, na Oktoba 30 kamanda wa Kiingereza, Brigedia Mallaby, akauawa katika gari lake. Novemba 10 Waingereza walijibu kwa mizinga ya meli, ndege na vifaru. Iliwachukua kama wiki tatu kuuchukua mji ambao walidhani wataumaliza kwa siku tatu. Wengi wa waliouawa walikuwa vijana wenye mikuki ya mianzi, wakihamasishwa redioni na sauti ya Bung Tomo.

Kijeshi, Surabaya ilikuwa maafa kwa Jamhuri. Ilipoteza maelfu ya watu na silaha nyingi walizonyang'anywa Wajapani. Kwa hesabu ninayoizungumzia, ilikuwa faida kubwa. London iligundua kwamba imewatoa Wahindi, ambao wenyewe wako mlangoni mwa uhuru wao, kwenda kufa kwa ajili ya shamba la Mholanzi. Nehru, kiongozi wa India, alipiga kelele, na baadhi ya askari wa Kihindi wakahamia upande wa Jamhuri. Tangu hapo Waingereza walitafuta njia ya kutokea, na walipoondoka mwishoni mwa 1946 walikuwa wamewasukuma Waholanzi mezani.

Ukweli mwingine wa miezi hiyo hausemwi sana Jakarta. Makundi ya vijana yaliwachinja Waholanzi, watu wa damu mchanganyiko, Wachina na Waambon, wanawake na watoto wakiwemo. Waliouawa ni maelfu. Wengi walikuwa wametoka tu katika kambi za Wajapani. Serikali ya Jamhuri haikuwa na nguvu ya kuyazuia makundi hayo, na baadhi ya viongozi wake hawakuonyesha hamu ya kuyazuia. Waziri Mkuu Sutan Sjahrir aliandika waziwazi kulaani chuki hiyo, na ujasiri wake ulimpunguzia wafuasi.

Sjahrir ndiye aliyeielewa hesabu mapema kuliko wenzake. Hakuwa na jeshi la kumshinda Mholanzi, kwa hiyo alitafuta watu wa nje ambao wangeumia kama Jamhuri ikifa. Mwaka 1946 India ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Sjahrir akaahidi kuipelekea tani 500,000 za mpunga kwa kubadilishana na nguo na mahitaji mengine. Waholanzi walidhihaki: Java yenyewe ina njaa, mchele huo utatoka wapi? Na kweli, kiasi kilichofika hakikukaribia ahadi. Lakini Jamhuri ilikuwa imefanya biashara na serikali nyingine, mbele ya macho ya dunia, kana kwamba suala la utambuzi limekwisha. Oktoba 30 mwaka huohuo ikatoa noti zake, na katika masoko ya Java ikawa vita ya kila siku: mama wa mboga anapokea pesa ipi, ya Jamhuri au ya utawala wa Kiholanzi? Kuzikataa noti za NICA, yaani za utawala huo wa Kiholanzi, kama walivyoziita, ilikuwa kura ambayo mtu asiye na bunduki aliweza kuipiga akiwa kwenye genge lake.

Misaada ilitoka pasipotarajiwa. Makuli wa bandari za Australia walikataa tangu Septemba 1945 kupakia meli za Kiholanzi zilizokwenda Indonesia, na mabaharia wa Kiindonesia, Kihindi na Kichina wakajiunga nao. Meli zililala bandarini wakati Waholanzi walikuwa na haja nazo kuliko wakati mwingine wowote. Misri ikatia saini mkataba wa urafiki na Jamhuri Juni 1947, mwezi mmoja tu kabla ya mashambulizi. Watu wa Aceh, Sumatra, walichanga dhahabu za wake zao kununua ndege ya Dakota, na ndege hiyo baadaye ilikodishwa Burma kuiingizia Jamhuri fedha za kigeni ilipokuwa imezingirwa. Aceh hiyohiyo iliasi mwaka 1953 kwa kuona serikali kuu imesahau. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Mkataba wa Linggadjati, uliosainiwa Machi 1947, uliitambua Jamhuri kuwa na mamlaka halisi katika Java, Madura na Sumatra tu. Kwingine kote, gavana wa Kiholanzi, Hubertus van Mook, alikuwa anaunda vijidola vya shirikisho: Indonesia Mashariki, kisha Pasundan, kisha vingine. Vilikuwa na mabunge na mawaziri wakuu, na baadhi ya viongozi wake walikuwa watu wenye akili zao, si vikaragosi. Lakini kila mtu alijua ni kidole cha nani kilichochora mipaka. Bila kusubiri wino ukauke, Waholanzi wakaanzisha Operesheni Product.

Hapo ndipo walipokosea hesabu mara ya kwanza. India na Australia zilipeleka shauri kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, chombo ambacho hakikuwa na miaka miwili tangu kuanza kazi, na Agosti 1 Baraza likataka mapigano yakome. Kamati ya Marekani, Australia na Ubelgiji ikaundwa. Kwa Uholanzi hili lilikuwa "suala la ndani". Lakini kamati ya nchi tatu ikishaketi kati yako na mtu unayesema ni mhalifu wako, umeshapoteza hoja ya kwamba yeye ni mhalifu tu.

Mkataba wa pili, Renville, ulisainiwa Januari 1948 ndani ya meli ya kivita ya Marekani iliyotia nanga Tanjung Priok, bandari ya Jakarta. Ulikuwa mbaya. Jamhuri ilibaki na vipande vya Java na Sumatra ya ndani, bila bandari za maana, na maelfu ya askari wa Divisheni ya Siliwangi wakaamriwa kuondoka Java Magharibi kwa miguu na treni. Waziri Mkuu Amir Sjarifuddin aliyeusaini akaanguka. Tan Malaka na wafuasi wake waliotaka merdeka, yaani uhuru, ya asilimia 100 walisema walionya tangu awali. Ukiwa kijana wa Yogyakarta mwaka 1948, ukiangalia wakimbizi na foleni ya mchele, ungewaamini.

Septemba mwaka huo, Wakomunisti wakiongozwa na Musso waliasi mjini Madiun. Jamhuri iliyokuwa inapumua kwa shida iliwaponda yenyewe, bila msaada wa mtu. Musso akauawa. Amir, ambaye alikuwa amejiunga nao, alipigwa risasi Desemba. Ni moja ya kurasa za kusikitisha za vita hivi, ndugu wakiuana huku adui akitazama. Washington ndiyo iliyosoma ukurasa huo kwa makini kuliko wote. Mpaka hapo Marekani ilikuwa ikiegemea upande wa Uholanzi, kwa hofu ya Urusi huko Ulaya. Sasa iliona serikali ya Waislamu na wazalendo inayoweza kuwadhibiti Wakomunisti bila kuombwa. Ukiniuliza ni siku gani Jamhuri ilipona, sitataja siku ya ushindi vitani. Nitataja hiyo ya Madiun, na sitaitaja kwa furaha.

Waholanzi hawakuona. Desemba 19, 1948, siku chache kabla ya Krismasi, askari wa miamvuli walishuka katika uwanja wa ndege wa Maguwo, na kufikia jioni Yogyakarta ilikuwa imeanguka. Sukarno na Hatta wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni, Hatta katika kisiwa cha Bangka. Kwa mtazamo wa kijeshi kazi ilikuwa safi.

Kuna mjadala wa asubuhi hiyo ambao Waindonesia hawajaumaliza. Jenerali Sudirman, mwalimu wa zamani wa shule ya Muhammadiyah, alikuwa na umri wa miaka 32 na anapumua kwa pafu moja kwa sababu ya kifua kikuu. Alimsihi Sukarno waende msituni pamoja. Sukarno akakataa, akabaki mjini kungoja kukamatwa. Sudirman akaondoka, na kwa miezi saba akabebwa kwa machela milimani akiongoza vita vya msituni. Wanajeshi wengi hawakumsamehe Sukarno. Mimi namtetea kwa nusu. Rais aliyejificha pangoni ni mwasi mmoja zaidi, lakini rais aliyetekwa akiwa ofisini, wakati mazungumzo ya Umoja wa Mataifa hayajafungwa, ni kashfa ya kimataifa. Nusu ninayoikataa ni ile ya kujifanya kwamba kashfa hiyo ingetosha bila Sudirman. Bila bunduki milimani, Waholanzi wangesema kazi imekwisha, na baada ya mwaka dunia ingesahau. Wote wawili walihitajika, na hawakupendana zaidi kwa sababu hiyo. Wakati huohuo Sjafruddin Prawiranegara aliunda serikali ya dharura Sumatra, ili pasiwe na siku hata moja ambayo Jamhuri haina serikali.

Nehru aliita mkutano New Delhi mwezi Januari 1949, nchi za Asia zikaja, na kutoka Afrika wakaja Misri na Ethiopia. Baraza la Usalama likataka viongozi waachiwe na mamlaka ikabidhiwe. Machi 1 askari wa Jamhuri waliingia Yogyakarta wakaishikilia kwa saa sita. Saa sita si kitu kijeshi. Lakini habari ilisikika mpaka New York, na madai ya Waholanzi kwamba wameshaituliza nchi yakawa kichekesho.

Kilichomaliza mambo kilikuwa fedha. Uholanzi ilikuwa inapokea dola takribani bilioni 1.1 kutoka Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Desemba 1948 Marekani ilikuwa imesimamisha fungu lililotengwa kwa ajili ya Indonesia. Mwanzoni mwa 1949 maseneta walianza kuuliza kwa sauti kwa nini kodi ya mkulima wa Ohio inalipia vita vya mkoloni. Na ilipofika wakati wa kuanzisha NATO, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Acheson, alimweleza mwenzake wa Uholanzi, Dirk Stikker, kwamba Bunge la Marekani linaweza kuinyima nchi yake msaada. Hapo vita vilivyokuwa vinapiganiwa kwa ajili ya pato vikaanza kutishia pato. Mei 7 makubaliano yakafikiwa, na Julai Jamhuri ikarudi Yogyakarta.

Kuanzia Agosti 23 hadi Novemba 2 walikaa The Hague. Waholanzi walikuja na hesabu ya zaidi ya gilda bilioni 6, wakitaka dola mpya ibebe madeni ya serikali ya kikoloni. Wataalamu wa Indonesia, akiwemo Sumitro Djojohadikusumo, walionyesha kwamba ukiondoa gharama za vita, Uholanzi ndiyo inayodaiwa. Walikuwa sahihi. Mmarekani Merle Cochran akabana pande zote mbili mpaka ikafika bilioni 4.3. Kampuni za Kiholanzi zikahakikishiwa mali zao. Benki kuu ikabaki ileile De Javasche Bank. Indonesia ikawa shirikisho lililounganishwa na taji la Malkia kwa muungano wa jina. Na Papua Magharibi, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea, ikaachwa nje, ijadiliwe baada ya mwaka.

Hatta akatia saini, na Desemba 27, 1949 akapokea hati ya mamlaka kutoka kwa Malkia Juliana mjini Amsterdam. Nyumbani walimwita msaliti, si kwa minong'ono.

Lisilo budi hutendwa, na sababu za kuona kwamba hakukosea si za kumhurumia. Alichokinunua ni kuondoka kwa jeshi. Askari wa Kiholanzi wakishapanda meli, deni linabaki karatasi, na thamani ya karatasi hutegemea anayeweza kukulazimisha kuilipa. Wengi humlinganisha na Haiti, ambayo mwaka 1825 ilikubali kuilipa Ufaransa faranga milioni 150 kwa kosa la kujikomboa, ikakopa Paris ili ilipe Paris, na ikanyonywa kwa vizazi. Mlinganisho huo unavunjika katika jambo moja la msingi. Haiti ilisaini meli za kivita za Ufaransa zikiwa zimeelekeza mizinga Port-au-Prince, ikiwa peke yake, hata Marekani haijaitambua mpaka 1862. Hatta alisaini wakati milki za Ulaya zinarudi nyuma, akiwa na India, Waarabu na Umoja wa Mataifa mgongoni. Alijua meli za kivita hazitarudi Jakarta kudai riba.

Na hazikurudi. Shirikisho la van Mook halikufika hata mwaka: Agosti 17, 1950 lilikuwa limevunjwa na Indonesia kuwa nchi moja, ingawa Waambon waliokuwa askari wa Uholanzi waliasi, na wapatao 12,500, pamoja na familia zao, wakaishia katika kambi baridi za Uholanzi. De Javasche Bank ilitaifishwa 1951. Mwaka 1956 Indonesia ikauvunja muungano na kutangaza kwamba haitalipa deni lililobaki. Mwishoni mwa 1957 wafanyakazi waliingia katika ofisi za kampuni za Kiholanzi na kuzichukua, na mwaka uliofuata sheria ya kutaifisha ikapitishwa. Hatta mwenyewe alijiuzulu umakamu wa rais Desemba 1956, akiwa amechoshwa na mtindo wa Sukarno.

Sisemi deni halikuuma. Fedha zilizolipwa katika miaka ile ya mwanzo ndizo zilizohitajika kujenga shule na kufufua reli. Lakini mbadala wake ulikuwa nini? Mwaka mwingine wa msituni, Sudirman akiwa ndiyo kwanza anakufa (alifariki Januari 1950, miaka 34), na vijiji vikiendelea kuchomwa.

Vijiji hivyo ndivyo ambavyo The Hague haikuvihesabu. Kijijini Rawagede, Java Magharibi, Desemba 9, 1947, askari waliwapanga wanaume na kuwaua. Wanakijiji wanasema 431, Waholanzi walisema 150. Sulawesi Kusini, Kapteni Raymond Westerling aliwakusanya wanakijiji uwanjani na kuwapiga risasi aliowaona washukiwa, bila kesi. Hakushtakiwa mpaka alipokufa mwaka 1987. Askari wa zamani Joop Hueting aliposimulia ukatili huo kwenye televisheni mwaka 1969, alitishiwa maisha, na serikali ikatoa ripoti ya haraka iliyosema palikuwa na makosa ya hapa na pale tu. Wajane wa Rawagede walipokwenda mahakamani, serikali ilisema muda wa kudai umepita. Wakenya wanaijua hoja hiyo: ndiyo iliyotolewa London dhidi ya wazee wa Mau Mau katika miaka hiyohiyo. Mahakama ya The Hague iliikataa Septemba 2011, ya London ikaikataa Oktoba 2012. Kila mjane wa Rawagede alipata euro 20,000.

Februari 2022 watafiti wa taasisi tatu za Kiholanzi walihitimisha kwamba ukatili ulikuwa umeenea na mara nyingi ulikusudiwa, na kwamba wanasiasa na majaji waliufumbia macho. Waziri Mkuu Mark Rutte aliomba radhi siku hiyohiyo. Juni 2023 akaliambia Bunge kwamba Uholanzi inaitambua Agosti 17, 1945 kikamilifu kuwa siku ya uhuru wa Indonesia. Hakusema ni nini basi kilichovamiwa mwaka 1947, kama si nchi huru, na ni kwa haki ipi nchi hiyo ilitozwa gharama za uvamizi.

Ila kuna kipengele kimoja ambacho hata mtetezi wa Hatta hawezi kukipita haraka, nacho ni Papua Magharibi. Waholanzi waliing'ang'ania mpaka 1962, safari hii wakisema wanawaandaa Wapapua kwa uhuru wao wenyewe, kauli ambayo baada ya Operesheni Product ilikuwa vigumu kuiamini. Jakarta ilisema ni haki yake kwa kuwa ilikuwa ndani ya koloni lilelile, hoja ambayo kwa kweli ilikuwa inarithi mipaka ya Mholanzi. Marekani ikaingilia tena, Waholanzi wakaondoka tena, na mkataba ukaahidi kwamba Wapapua wataulizwa wanachotaka. Waliulizwa mwaka 1969. Katika watu wapatao 800,000, waliochaguliwa kujibu walikuwa 1,025, chini ya uangalizi wa jeshi, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Mkataba wa kampuni ya Freeport kuchimba shaba katika milima yao ulikuwa umeshasainiwa Jakarta tangu 1967.